Shemeji Alivyoalika Koo za Kiingereza

Binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Bukavu, kule Kongo, mapenzi yao hayakunitia wasiwasi hata kidogo. Kilichonitia wasiwasi ni kamati. Huku kwetu Rusizi, upande wa Rwanda, mtu hajamaliza kusema kwamba ana mchumba, kamati imeshazaliwa, ina mwenyekiti na makamu wake, ina mshauri wa mapambo, na ina kikundi cha WhatsApp kisichojua kulala. Mimi, mama mzazi, niliingizwa kwenye kikundi hicho nikiwa nimechelewa, nikakuta watu nisiowafahamu wakibishana juu ya rangi ya nguo nitakayovaa.

Habari ya Kiingereza ilianzia humo humo. Mtu mmoja aliandika kwamba upande wa bwana arusi watakuja na msemaji atakayesema Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Ilielekea kuwa kweli, kwa sababu bwana arusi anafanya kazi na shirika la wageni, na hata akienda kunywa chai husema ana "meeting". Nilipouliza ni nani hasa aliyeisikia habari hiyo na wapi, nilijibiwa kwa vikatuni vinavyocheka.

Kwa asiyezijua mila zetu, niseme kwa kifupi. Siku ya kuomba mchumba, familia mbili hukaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, kila moja na msemaji wake. Wasemaji hao hupimana kwa maneno. Huyu anaomba, yule anajifanya hajaelewa anaombwa nini. Huyu anasifu, yule anasema nyumbani hapa hakuna binti, labda mmepotea njia. Watu wanacheka na kunywa soda. Muda wote huo bibi arusi amefichwa ndani, kapambwa, amekaa kitandani anasubiri. Hatoki mpaka msemaji wa kwao atamke kwamba ametolewa. Neno hilo lisipotamkwa, hata uwanja ujae ng'ombe, hakuna kilichofanyika.

Sasa mambo hayo yote yasemwe kwa Kiingereza. Daraja la Rusizi, ukilivuka kwenda au kurudi, Kiswahili ndicho tunachonunulia nyanya, ndicho tunachogombania, ndicho tunachoombeana radhi. Nyumbani sisi tuna Kinyarwanda, wao wana Kimashi, na wenye umri wangu pande zote mbili wana Kifaransa cha shule. Kiingereza tunacho pia, lakini kingi kiko kwenye mabango. Mwenyekiti wa kamati hakutaka kusikia hayo. Aliandika kwa hasira: tutashindwaje Kiingereza na watu wa Kongo, wakati nchi ya Kiingereza ni sisi? Aliyaandika hayo kwa Kifaransa.

Tatizo lilikuwa msemaji wetu. Huyo alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mkulima wa mpunga kule chini Bugarama. Mume wangu alifariki binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tangu hapo shemeji alipanda kuja kwangu Gihundwe kila alipopata nafasi, na mchele wake begani, kumtazama mtoto. Alimtembeza, alimpeleka hospitali, alimpigia kelele alipoleta alama mbaya. Mtoto hakumjua baba mwingine, akamwita Papa, na hakuna aliyemsahihisha. Na katika ukoo wetu hakuna harusi ambayo mzee huyo hakuisemea. Kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, mpe fimbo na watu wa kumsikiliza, atawaweka hapo mpaka soda ziishe.

Kiingereza, hakujua hata salamu. Kamati ikapendekeza tukodi mshereheshaji kutoka Kigali, kijana wa suti ya kubana na Kiingereza cha puani. Shemeji akaja kwenye kikao, akasikiliza, akavua kofia.

"Mutoto nilimulea na mikono yangu mwenyewe," alisema. "Leo kumutoa, nikodi mudomo ya muntu mwingine? Hapana, rwose, hapana kabisa. Hiyo Kiingereza njo nini? Hata batoto badogo ya primaire banaisema. Madamu atanifundisha."

Madamu ni mimi. Ndivyo walimu wa kike tunavyoitwa hapa. Lakini ualimu wangu wa Kiingereza nao una historia yake. Mimi nilisomea Kifaransa. Serikali ilibadilisha lugha ya kufundishia: likizo moja tulikwenda kulala tukiwa walimu wa Kifaransa, muhula ulipofunguliwa tukaamka walimu wa Kiingereza. Tuliitwa kwenye mafunzo, akaja mwezeshaji mwenye kalamu za rangi, akachora mti mkubwa kwenye karatasi ubaoni. Alisema neno la Kiingereza halifundishwi peke yake, linafundishwa na ukoo wake: mzizi ndiye babu, matawi ndiyo watoto na wajukuu. Tulipiga makofi, tukala chakula cha mchana, tukarudi vijijini na miti yetu. Ule wangu bado uko darasani, na ninafikiri ndio mti pekee katika shule yetu ambao haujakatwa kuni.

Basi kila Jumamosi alasiri shemeji akawa anapanda kutoka Bugarama, anakaa sebuleni kwangu na kofia juu ya goti, nami ninamfundisha koo. Nilianza na ile ninayoipenda.

"Mzee, kuna babu mmoja wa Kilatini, kazi yake ni kutazama. Amezaa inspect, ni kukagua. Amezaa spectator, mtazamaji. Spectacles, miwani. Respect, kuheshimu. Na suspect, kushuku."

Akafikiri. Mzee huyu akifikiri, hata kuku wa jirani wananyamaza.

"Respect na suspect, baba yao ni mumoja?"

"Mmoja."

"Njo maana. Ule anakuheshimu sana, umutazame muzuri." Kisha akauliza: "Na inspector?"

"Naye ni wa humo humo."

"Ule namujua. Alikuya kwa mashamba ya muchele, akatazama, akakula, akaenda."

Jumamosi nyingine tukaingia ukoo wa port, ambao ni wabebaji. Import ni kubeba kuingiza, export ni kubeba kutoa nje, transport ni kubeba kuvusha, support ni kubeba kutoka chini, na report ni kurudisha habari. Huo aliuelewa hata kabla sijamaliza, kwa sababu ndio maisha ya hapa. "Hawa njo bamama ya daraja," alisema, akimaanisha wanawake wetu wanaovuka mpaka alfajiri na mabeseni kichwani. Wakati huo ndege ilikuwa inashuka kwenye uwanja wa Kamembe, ikapita juu ya paa na kelele zake.

"Na airport?" aliuliza kelele zilipopungua.

Ilinibidi niseme ukweli wa kitabu. Airport babu yake ni mwingine, aliyekuwa mtu wa bandari. Inasemekana babu hao wawili walikuwa ndugu zamani sana, lakini undugu wenyewe ni wa mbali.

"Yewe! Kumbe hata kwa Kiingereza kuna batu banakuya kusema tuko ndugu mara banaona uko na ndege."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kwa kweli mzee alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wengi wangu. Aliyashika maneno upesi, akajua nani mkubwa na nani mdogo, akauliza actress wa ukoo wa act ameolewa wapi. Taabu ilikuja nilipomwambia atunge sentensi. Nilimpa respect, atunge kwa neno hilo moja tu. Akakataa.

"Madamu. Unaalika mutoto mumoja kwa karamu, bandugu yake unabaacha inje?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Katika ukoo wetu kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao hawajasalimiana miaka na miaka kwa sababu kadi ya harusi ilimfikia mmoja ikampita mwenzake. Shemeji ndiye anayeitwa kusuluhisha kesi hizo, kwa hiyo anajua gharama yake. Ukimwita respect, utamwita na suspect, na inspect, na mwenye miwani, wote waje, wote wakae, wote wapate soda. Sentensi zake zote zikawa zinakuja na ukoo mzima. Nilimweleza kwamba Waingereza hawafanyi hivyo, wao huchukua neno moja wanalolihitaji na wengine wanawaacha nyumbani.

"Njo maana banazeeka peke yao," alisema, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Ukoo mmoja tu ndio uliomshinda, na ndio niliokuwa ninauhitaji kuliko yote. Ukoo wa give. Give, kutoa. Given, iliyotolewa. Gift, zawadi. Bila huo, koo nyingine zote ni kelele za sherehe tu. Mara ya kwanza nilipoutaja, shemeji alitazama dirishani akasema ukoo huo unaonekana una watu wachache, ungoje kidogo. Juma lililofuata kichwa kilimuuma. Juma lingine akasema maji yameingia kwenye mpunga, akili yake yote iko Bugarama. Nikakasirika. Mimi nikifundisha ninataka mtu ajifunze, na kamati ilikuwa inaniuliza kila asubuhi mzee amefika wapi.

Binti alipoingia na chai, somo lilikuwa linakufa papo hapo. Mzee alimuuliza kama amekula. Alimuuliza kama huko anakokwenda amepaona vizuri. "Bukavu kuna milima mingi, mutoto. Utachoka miguu." Mwanamke aliyezaliwa Rusizi, ambako hata kwenda kuchota maji ni kupanda na kushuka, anaonywa juu ya milima ya Bukavu! Binti alicheka, akamwambia, "Papa, nitazoea." Mzee hakucheka. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

Ndipo nilipoanza kuogopa, na sikuogopea sarufi. Kama siku hiyo akishindwa kutamka, binti yangu atabaki kitandani na nguo zake za sherehe, na kijana wa watu atarudi ng'ambo mikono mitupu mbele ya ukoo wake wote. Nilitaka kumwambia mzee hivyo, lakini mambo kama hayo shemeji na shemeji hawayasemi, hasa sebuleni. Nikamwambia arudie ukoo wa act.

Siku ikafika. Mahema yakasimama, viti vikavalishwa nguo nzuri kuliko za baadhi ya wageni. Watu wa Bukavu walifika wamechelewa, wamelowa jasho la foleni ya mpakani, wakaketi chini ya hema lao. Msemaji wao akainuka. Alikuwa baba mmoja mnene mwenye duka la vitenge, amevaa koti la vifungo vya dhahabu, karatasi zimemjaa mkononi.

"Good morning," alisema. Ilikuwa saa tisa alasiri. "Good morning, in-laws. We are coming. We are coming very much."

Makofi. Mwenyekiti wetu aligeuka akanitazama, kana kwamba ananiambia: unaona, nilisema. Shemeji akasimama na fimbo yake. Akasafisha koo, akapewa kipaza sauti.

"Spectators!" alinguruma. "We respect you. We inspect you. We suspect you. With spectacles!"

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Vijana walipiga miluzi. Wazee wa upande wao walitikisa vichwa kwa heshima, kama watu walioguswa mahali panapotakiwa. Msemaji wao akainama, akajibu: "Thank you for suspect."

Shemeji akapata moto. Ukoo wa act ukaingia wote, action, active, activity, actor, na actress akawekwa mwisho kwa heshima ya wanawake. Kisha akaita wabebaji. "You import yourselves! We support. We transport. We report. We export..."

Akaishia hapo. Nilijua kwa nini, na sidhani kuna mwingine aliyejua. Neno hilo lilikuwa limeukaribia sana mlango ambao binti alikuwa nyuma yake. Mzee akaliacha likaning'inia, akarudi kwa spectators.

Akawazungusha tena. Respect, inspect, suspect. Mpinzani wake naye karatasi zilimwishia, akazipanga upya akaanza kutoka juu: "Good morning." Jua likashuka. Soda zikapata moto. Makofi yakaanza kuja kwa kubahatisha, mtu akipiga wengine wanamfuata ili wasionekane hawakuelewa. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake: "Bameshamutoa?"

"Nazani bado. Ao bameshamutoa mara mbili."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameacha kutabasamu. Akajipenyeza mpaka kwangu kuniuliza kwa sauti ya chini kama ukoo ule ulioisha sasa hivi ulikuwa ndiyo au hapana, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Nilimwambia asubiri kidogo. Mama wa bibi arusi hana ruhusa ya kusema siku hiyo, na nawaapia, sijawahi kuichukia mila yetu kama saa ile. Nilitamani kwenda kumvuta mzee koti lake, nimwambie atoe au akatae, lakini atuondolee hawa spectators.

Kisha mzee akakwama. Alisimama tu pale katikati, fimbo mkono huu, kipaza sauti mkono huu, midomo inacheza bila sauti.

Mlango ukafunguka. Binti yangu akatoka.

Hilo halifanyiki. Bibi arusi hajitoi mwenyewe. Mashangazi walitoka mbio nyuma yake, mmoja ameshika kiatu chake kimoja, na watu wa hema letu wakashika vichwa. Yeye hakuwatazama. Alipita katikati ya mahema mawili, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akafika mbele ya mzee.

"Papa," alisema, "sema tu na Kiswahili. Batu banachoka."

Shemeji alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Alisahau kwamba ameshika kipaza sauti, kwa hiyo maneno yake tuliyasikia sisi wote, na waendesha pikipiki waliosimama barabarani waliyasikia pia.

"Nikisema, utaenda."

Yule baba wa vitenge alizikunja karatasi zake akazitia mfukoni, akavuka uwanja peke yake, jambo ambalo nalo halifanyiki.

"Mzee," alisema polepole, "sisi tulisikia nyinyi njo munataka Kiingereza. Wiki yote sikulala juu ya hiyo maneno. Tusamehe. Lakini Bukavu ni hapa tu. Mutoto atavuka daraja, atakuya kukusalimia hata kila siku ya soko."

"Daraja minaijua," shemeji akajibu. "Minaona batu banaenda na banarudi. Atarudi, sikatai. Lakini atarudi mugeni. Nitaanza kumutafutia kiti."

Binti yangu alipiga magoti pale pale, kwenye vumbi, na vazi lake la sherehe, mushanana ya kukodi. Mimi nililia. Kamati ilikuwa imekataza kulia kabla ya keki, ili vipodozi visiharibike kwenye picha, na nililia mbele ya kamati nzima, na mwenyekiti alilia, na yule baba wa vitenge akatoa leso yake, akaitumia yeye kwanza ndipo akampa mzee.

Shemeji alikiweka kipaza sauti juu ya meza. Akamshika binti kichwa kwa viganja viwili, akawageukia wale wa hema la pili, akasema kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida: "Tumemutoa. Mumuchukue."

Kijana mpiga video, aliyekuwa amesimama juu ya kiti na vifaa vyake masikioni, akainua mkono.

"Mzee, samahani, sauti haikuingia. Tunaomba urudie."

"Mara ya pili siwezi," shemeji akasema, akaketi.